Fomu ya Nafasi Tisa

Mimi si mtu wa kuona kinyaa upesi. Bustani yangu iko Baraka, mashariki mwa Kongo, na mbolea yake naichanganya kwa mikono mitupu: mavi ya mbuzi, maganda ya muhogo, vichwa vya ndagala, dagaa wa ziwani, vilivyooza mpaka vikatoa maji. Jirani akipita huziba pua. Mimi naendelea tu. Kwa hiyo ninaposema kwamba fomu moja ya kwenye simu ilinitia kichefuchefu, naomba nieleweke.

Nilikuwa mwalimu wa biolojia. Nilipoacha kufundisha nilianza kuandika blogi ya bustani: jinsi ya kuotesha mbegu za nyanya, jinsi ya kukinga lengalenga, yaani mchicha, na wadudu bila dawa ya duka. Mtoto wa mama yangu mdogo, anayeishi Uvira na kujua mambo ya kompyuta, ndiye aliyenifungulia. Aliniambia kwamba msomaji akijiandikisha mara moja, kila makala mpya itamfuata yenyewe kwenye simu. Nikafurahi, na sikuuliza zaidi.

Msomaji niliyemtaka kuliko wote alikuwa mama mmoja wa kambi ya Lusenda. Alikimbia kutoka Burundi na watoto wake, na ndiye aliyenifundisha kulima mboga ndani ya gunia lililosimamishwa, mboga zikatoka pande zote kama manyoya. Nilipanda pikipiki mpaka kwake. Tukakaa kati ya magunia yake, akafungua ukurasa wangu.

Kwanza picha kubwa ya bilinganya ilikawia kufunguka, ikamlia mega zake. Kisha ikatokea fomu: jina, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, kijiji, kazi, na mengine. Nafasi tisa za kujaza. Alisoma kwa sauti, polepole. Alipofika kwenye jina la baba akaiweka simu juu ya goti.

"Mwalimu, baba yangu alisha kufa. Iko na kazi gani na nyanya?"

"Njo vile inaombaka, mama."

"Mi nilikimbia bantu benye kuandika majina."

Nilipaswa kuishia hapo. Badala yake nikamwambia, kwa sauti ileile niliyokuwa natumia darasani, "Ni ya mboga tu. Andika." Akaandika, kwa kuniheshimu. Akakosea tarehe, fomu ikafuta kila kitu, akaanza upya.

Niliporudi Lusenda kuchukua miche, hakunipa kiti. Alisimama mlangoni, mikono imekunjwa, akanieleza. Siku chache baada ya kujiandikisha zilianza kuja meseji: mafuta ya kung'arisha ngozi, michezo ya bahati, dawa za kurudisha bwana. Halafu simu ikalia.

"Mwanaume moja. Aliita jina yangu yote, na jina ya baba. Alisema anajua fasi ninaishi. Alitaka nimutumie namba ya siri ya simu. Ile carte ya simu nilivunja, nikatupa mu choo."

Ndani ya laini ile zilikuwemo namba za dada zake aliowaacha Burundi. Hakuwa ameziandika popote pengine.

Nilishuka Uvira mwenyewe. Ndugu yangu, ambaye orodha ya wasomaji ilikuwa mikononi mwake, alinikaribisha vizuri, akaniagizia soda, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamuuliza majina ya wasomaji wangu amempa nani.

"Barafiki tu, yaya. Benye biashara. Nabo banajua kushukuru," akasema, akiniita yaya kama tunavyowaita ndugu wakubwa, akinionyesha simu mpya. "Bantu bote banafanya vile. Ni namba tu, haiko damu."

Alicheka. Meno yake yalikuwa na rangi ya soda nyekundu, na mkono wake ulikuwa begani kwangu, mkono ambao niliuosha mimi alipokuwa mtoto. Nikausikia kama kitu chenye ute. Nikauondoa. Koo langu lilijaa mate nikashindwa kuyameza, nikatoka nikayatemea kwenye mtaro. Na hapo mtaroni nikakumbuka sauti yangu: Andika. Yeye aliiba majina, lakini mimi ndiye niliyeyakusanya kwa watu walioniamini. Hilo ndilo lililonichukiza zaidi, na sikuwa na mtu wa kulitemea.

Nilirudi ndani. "Futa. Hapa, mbele yangu."

"Yaya, utapoteza bantu."

"Futa."

Alifuta, amenuna, akaniachia namba tupu za kuwaandikia wasomaji. Yale aliyokwisha kuwapa rafiki zake hakuna wa kuyafuta, na nilijua.

Nyumbani nilimpata fundi wa simu, mwanamke wa hapa Baraka, nikamweleza ninachotaka. Picha kubwa iondoke. Fomu iondoke. Msomaji ananitumia neno moja, "bustani", makala zinaanza kumfikia. Akituma "inatosha", zinakoma, na namba yake inafutwa bila kuulizwa sababu. Jina si lazima. Akitaka kuitwa kitu, ajichagulie. Fundi aliniuliza mara mbili kama ni hayo tu. Niliwaandikia wasomaji wote nikakiri kilichotokea. Wengine walituma "inatosha" siku hiyohiyo. Wengine walibaki, na leo nina msomaji anayejiita Kitunguu na mwingine anayejiita Mama wa Pilipili, nami sijui ni akina nani.

Yule mama wa Lusenda hakujiandikisha tena. Nilipokwenda kumwomba msamaha alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Nimesikia." Kiti nilipewa baada ya safari nyingine mbili. Sasa, kabla sijatuma makala, namsomea kwa sauti, yeye akipalilia. Juzi nilikuwa nimeandika juu ya majivu kwenye mashina ya kabichi. Hata hakugeuka.

"Ile majivu ni mingi, mwalimu. Utabaunguzia kabichi yabo."

Nikakata sentensi, nikapunguza majivu kuwa nusu ya kiganja.