Wimbo wa Kuitana Kwenye Chai

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito kama kawaida, na mama alitupa uji tukiwa bado tunapiga miayo. Uchaguzi ulikuwa umepita, na ghasia za kikabila zilikuwa zimeanza kusikika. Tuliishi Bonde la Ufa wakati huo, kabla ya kurudi huku Kiriaini, na mama alichuna majani ya chai pamoja na majirani wa kila kabila.

Siku za ukungu wachunaji hawaonani. Kwa hivyo mmoja huimba, "Mwenzangu, uko wapi?" na kila anayesikia lazima aitikie, "Niko hapa, kikapu imejaa," hata kama hajachuna jani. Asiyeitikia hutafutwa. Watoto tulifunzwa wimbo huo kabla ya kujua kuhesabu. Mdogo wangu Njoki, wa miaka saba, aliitikia kwa sauti kubwa kuliko watu wazima.

Mwimbishaji alikuwa Baba Sara, jirani yetu, aliyechuna mstari uliopakana na wa mama.

"Njoki, hiyo sauti yako itatisha chai ikauke," alikuwa akimtania.

"Ikauke yako, Baba Sara. Yetu imezoea."

Uji haukuwa umepoa tuliposikia mabati yakilia kwa moto nyumba za chini. Mama alitushika mikono tukakimbilia kwenye chai. Tulitambaa chini ya vichaka. Mimi nilikuwa na mama. Njoki aliteleza akaangukia mstari wa pili, akabaki huko.

Wanaume wenye mapanga walipita. Wakarudi.

Halafu, katikati yao, tukamsikia Baba Sara.

"Mwenzangu, uko wapi?"

Aliimba vizuri, kama siku za kazi. Nimeitafuta sauti hiyo miaka mingi, nikitaka isikike ikitetemeka, ili niandike kwamba alilazimishwa. Haitetemeki.

Mdomo wangu ulifunguka. Mkono wa mama ukaufunika, kisha ule mwingine juu yake. Hakuwa na mkono wa tatu.

"Niko hapa, kikapu imejaa," sauti ikatoka mstari wa pili.

Mtu mmoja akacheka. "Kumbe ni kweli, wanaitikia."

Haikuchukua muda. Njoki aliita mama mara moja tu.

Sasa ninaandika hadithi kuhusu msichana aliyenusurika vita. Kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, na kila sentensi naiogopa. Naifuta, nairudisha, nasoma kwa sauti, naifuta tena. Rafiki yangu wa Kutus, ambaye husoma kazi zangu kwanza, aliniambia, "Weka wimbo pale mwisho. Msichana aimbe, apone. Watu wanapenda hivyo, ati hata mimi nitalia."

Nilijaribu. Nilimwimbisha mpaka nikachukia mikono yangu. Maneno ya wimbo ule hayana huzuni ndani yake, na hapo ndipo ninaposhindwa. Msichana akisikia mstari wa kwanza halii. Anataka kuitikia. Anajua kilichotokea kwa aliyeitikia, na bado koo lake linajiandaa. Naona aibu kukiri kwamba sikubuni hili.

Jumapili moja nilimsomea mama. Katika hadithi yangu, mdogo wa msichana anaimba kwa hofu na kukosea maneno. Nilifikiri hivyo ingekuwa rahisi kwetu sote.

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Aliacha.

"Hakukosea."

"Ni hadithi tu, maitu."

"Nimejua ni hadithi. Lakini hakukosea, na hakuwa na hofu. Ukimwandika na hofu unamwonea." Alikuwa ananitazama usoni. "Huyo mtoto alisikia mtu anamjua akimtafuta. Alifurahi. Akaitikia vile mimi nilimfunza."

Akaendelea na maharagwe.

Nilifuta sentensi yangu nikaandika ya mama. Tangu siku hiyo sijaongeza neno.