Mto Ulipokauka, Nilimwambia Basile Alime

Nilimuua mdogo wangu nikiwa Kalemie na yeye akiwa chini ya Ruwenzori, karibu kilomita mia saba. Sikumgusa hata kidole. Tena nilikuwa nacheka.

Kama una haraka, pita. Hii si stori ya kukufurahisha.

Ilikuwa 1985, enzi za Zaire. Basile alipelekwa kufundisha shule ya msingi kule kaskazini, kijiji kilicho chini ya mlima wenye barafu. Sisi watoto wa ziwa barafu tuliijua ya kwenye friji za wauza samaki tu.

Kwenye barua zake alinieleza. Wazee wa pale walimwonyesha barafu ilipofika walipokuwa vijana. Sasa ilikuwa imejivuta juu kabisa, imeacha majabali na kokoto tupu. Kiangazi mto unakuwa mwembamba, akina mama wanagombania maji. Mvua ikija, unashuka na matope na mawe makubwa kama mbuzi.

Mimi nikaona ni maneno ya walimu, wanapenda kukuza mambo.

Shida ya Basile ilikuwa moja: hakuwa na shamba. Ardhi yote ya pale ina wenyewe, na mwalimu mgeni alikula kwa huruma ya wazazi wa wanafunzi. Aibu hiyo ilimkondesha.

Kila Alhamisi tuliongea kwa foni, ile redio ya misheni. Unabonyeza, unasema, unaachia, unasikiliza.

Alhamisi moja akaja na habari ya ajabu, akiniita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya Bertille, muto umekauka. Tangu jana. Samaki wamebakia ku matope."

"Mvua haiko?"

"Mvua iko inanyesha kule juu. Njo maana watu wote wamepanda ku kilima. Wanasema muto ukinyamaza hivi, muntu asibakie chini. Na miye nilipanda nao. Nimeshuka tu juu ya kuongea na weye."

Nikacheka. Nilicheka mpaka padri wa redio akanigeukia.

Uelewe mambo ya kwetu. Ziwa Tanganyika likirudi nyuma linaacha udongo mweusi, laini, na udongo huo hauna mwenyewe. Wa kwanza kugonga jembe ndiye mwenye shamba. Nyumbani tulikula viazi vya pale miaka mingi. Na ziwa likitaka kurudi, linakuja taratibu, linakuachia miezi ya kuvuna.

"Basile, weye mutoto wa ziwa unaogopa matope? Wao wakimbie. Weye shuka na jembe, uchukue shamba lako mbele hawajarudi."

"Kweli, yaya?"

"Kweli. Panda maharagi."

Jumamosi mchana mto ukarudi.

Kule juu, pale barafu ilipokuwa imeachia, mlima wa kokoto ulikuwa umeporomoka na kuziba bonde. Maji yakajikusanya nyuma yake siku tatu, kisha yakapasua. Kijiji kizima kilikuwa kilimani, salama. Chini kulikuwa na mtu mmoja tu, na jembe lake.

Haya nilielezwa na Élisée, mwalimu mwenzake, aliyekuja hadi kwetu kwa lori na meli kuleta mfuko ambao Basile aliuacha kilimani. Mwili haukuonekana.

"Tulimuita," Élisée alisema. "Alitupungia mukono, akaendelea kulima."

Mama akaniangalia. "Nani alimuambia ashuke?"

Élisée hakujua. Mimi nilijua.

"Labda ni njaa, mama," nikasema.

Miaka kumi na mmoja nilikaa na uongo huo. Nilimtunza mama, nikakataa wachumba wawili nisimwache peke yake. Majirani walinisifu, na kila wakinisifu nilitamani ardhi inimeze.

Mwaka 1996 mama akaugua. Asubuhi moja nilikuwa namlisha uji, nikashindwa kuendelea.

"Mama, ni miye nilimuambia Basile alime."

Hakushtuka. Akameza uji wake kwanza.

"Najua."

Kijiko kilinitoka mkononi.

Ndani ya mfuko ule kulikuwa na barua ya Basile kwa mama, ameiandika Ijumaa. Mama hakujua kusoma. Aliipeleka kwa katekista wa mtaa mwingine, akasomewa, akamwomba asimwambie mtu. Basile alikuwa ameandika kwamba yaya amempa akili nzuri, kwamba sasa ana shamba lake, na kwamba maharagi ya kwanza atayatuma Kalemie.

"Juu ya nini haukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nakusikia ukilia. Nikasema, huyu akijua kama najua, atakimbia hii nyumba. Na miye nimebakia na mutoto mumoja tu."

Nilimlalia kifuani tukalia mpaka uji ukapoa. Alifariki kabla ya Krismasi.

Wewe unayesoma, ukihamia kwenye maji ya watu, waulize wanaoyajua, hata kama ulizaliwa ndani ya maji. Ziwa letu lilinifundisha ziwa letu tu. Mlima unaopoteza barafu yake sikuujua, na nilijifanya mjuzi.

Na kama kuna mtu unamficha kosa lako, mwambie leo. Mimi na mama tulikaa miaka kumi na mmoja nyumba moja, tukifichana jambo lile lile, kila mmoja akilia chumbani kwake.