Fulana Nyeusi ya Wagdi

Tangu futari iishe Nagwan hakukaa kitako. Mara apakue kunafa, ile tamutamu ya Ramadhani, mara aende roshani kushikashika nguo zilizokwisha kukauka.

"Hebu kaa, mtoto wewe! Umekalia siafu?" mama yake akafoka.

Mtoto mwenyewe ana miaka arobaini na mitatu, na kazi yake ni kuvalisha waigizaji. Mwaka huu kichekesho cha televisheni cha Ramadhani kiliwarudia wale vijana wa Kairo wa miaka ya tisini, wapenzi wa magitaa ya kelele, ambao magazeti yaliwaita waabudu shetani. Na watungaji walivyowakosea, wallahi! Walitaka pembe. Walitaka masizi usoni na minyororo ya mbwa shingoni. Nagwan alimjia juu mwongozaji.

"Pembe za nini, ustadhi? Wale walikuwa watoto wa watu! Fulana zao wakipigiwa pasi na mama zao!"

"Basi nipe cha kweli kinachochekesha."

Ulimi ukamteleza. Akasimulia kijana aliyetoka nyumbani na fulana nyeusi ya fuvu la kichwa, kaivaa ndani nje, juu yake shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Akifika ngazi za chini anavua, anaigeuza, na dada yake anamshikia shati huku akimlindia. Studio nzima ikavunjika mbavu, na pembe zikatupwa.

Kumbe kijana huyo ni Wagdi, kaka yake, na siri ile ilikuwa ya wawili tu. Wiki ya yale magazeti, marehemu baba yao aliichoma fulana juu ya paa, akamnyoa Wagdi kwa mkono wake. Wagdi akaamini Nagwan ndiye aliyemchongea. Akaenda Kuwait miaka ishirini na miwili, akituma salamu kwa kila mtu isipokuwa yeye. Sasa karudi, ana kipara, yuko kwenye kochi na kijiko cha kunafa, na lile onyesho ndilo hilo linaanza.

Kijana wa kwenye televisheni akageuza fulana. Wagdi akacheka kicheko chake cha zamani, kisha akaweka kijiko chini.

"Umesema tena," akasema, bila kumtazama.

"Mara ya kwanza sikusema! Wallahi sikusema!"

"Nani basi? Ngazini tulikuwa wawili."

Mama akapunguza sauti ya televisheni.

"Mlidhani ile fulana inafuliwa na jini? Nilikuwa naianika ndani nje, majirani wasione lile fuvu. Magazeti yalipotoka nikaogopa polisi watakuchukua, mwanangu. Nikamwambia baba yenu. Ni mimi."

"Mama! Miaka yote hii umeniachia mimi nibebe?" Nagwan akapaza sauti.

"Kila mwaka nilisema nitasema. Nikaogopa asije akaacha kunipigia simu na mimi."

Wagdi akainuka, na Nagwan akajua anaondoka. Lakini alizunguka meza, akaketi karibu naye.

"Shati lilikuwa la miraba," akasema, macho kwenye televisheni. "Mmemvika la mistari. Mmekosea, Nagwan."

Tangu siku ile ya paani alikuwa hajalitaja jina hilo. Nagwan akamjibu kwa hasira, machozi yakimtiririka, kwamba lilikuwa la mistari, maana yeye ndiye aliyekuwa akimshikia.