Gari la Mbio la Mheshimiwa Sofa

Nimewahi kuletewa gari lenye nyoka kwenye injini. Nimewahi kuletewa gari ambalo mwenyewe aliapa kwamba linamsema vibaya.

Lakini kilichoingia gerejini kwangu Jumatatu ile, jamani, kiliniacha mdomo wazi.

Gari la mbio. La zamani, limenizidi umri. Jekundu, viti viwili, pua ndefu, usukani kushoto, halina hata mkwaruzo. Yale ambayo sisi mafundi huyaona kwenye kalenda tu.

Aliyelileta alikuwa dada mmoja mpole mwenye miwani. Alikuwa ameliendesha polepole kama amebeba mayai.

"Lilikuwa la marehemu baba yangu, alikuwa daktari," akasema. "Kwenye wosia amemwachia mtu mwingine. Nataka ulirekebishe limfae huyo mwenyewe mpya."

Akanipa karatasi iliyopigwa chapa.

Nikasoma. Kiti kiinuliwe vidole vinne, kiwe na mto mgumu. Mlangoni pafungwe mshikio wa chuma wa kujiinulia, yaani kama ule wa chooni hospitalini. Kwenye usukani pawekwe kirungu cha kuuzungusha kwa mkono mmoja. Kanyagio la klachi liondolewe, na badala yake kiwekwe kishikio cha kubana, kama breki ya baiskeli, kwenye gia yenyewe, mkono wa kulia.

Mtu ameachiwa simba, anaomba ang'olewe meno.

"Mwenyewe hawezi kuja tukaongea?" nikauliza.

"Kwa sasa hawezi. Ila vipimo vyake vyote viko hapo. Fundi, tafadhali fuata karatasi kama ilivyo. Tangu mwaka uanze, hili gari ndilo kitu pekee anachokisubiri."

"Ondoa shaka, dada," nikamjibu, kwa ile sauti ya fundi ambaye tayari ana maoni yake.

Sikuuliza ni nani. Sikuuliza ana nini. Nilikuwa na haraka ya kucheka.

Na nyuma yangu ukutani, kwa rangi nyekundu niliyoipaka kwa mkono wangu mwenyewe, palikuwa pameandikwa: HAPA TUNAPIMA MTU KABLA YA GARI.

Maneno hayo si yangu. Ni ya Mzee Tepe.

Mzee Tepe ndiye aliyenifundisha kazi, kuanzia kushika spana hadi kunyamaza mteja anapoongea. Hilo la pili nilifeli. Jina alilipata kwa sababu ya tepe ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake miaka yote. Mteja akija, mzee hagusi gari. Anamketisha kwanza, anapima mguu, anapima mkono, anauliza mgongo unauma wapi. Sisi tunacheka pembeni.

Na kila Jumapili alikuwa anatoweka na sanduku lake la spana, haagi, hasemi aendako. Tulikubaliana kwa kauli moja kwamba ana mke wa pili.

Mwaka jana alipata kiharusi, akafunga gereji. Na mimi, mwanafunzi wake mpendwa, nikamtumia ujumbe wa pole wenye picha ya maua. Maua mazuri sana. Kumwona ningeenda wiki inayofuata. Mke wangu kila akiniuliza, "Umeshaenda kwa mzee?" namjibu, "Wiki ijayo." Zikapita wiki zijazo nyingi tu.

Basi, nikaanza kazi.

Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa bure, nikapiga picha gari na karatasi, nikazirusha kwenye kundi letu la mafundi kwenye simu. Watu mia na kitu, kutwa nzima kusemana.

Nikaandika: "Waungwana, nawatambulisha kwenu Mheshimiwa Sofa. Amepewa gari la mbio, anaomba kiti cha kinyozi."

Kundi likalipuka.

"Muulize kama anataka na meza ya chai."

"Mfungie na kengele ya kumwita muuguzi."

Hiyo ya muuguzi niliipenda mno, nikaijibu kwa vicheko saba. Kesho yake nikaweka picha ya mshikio: "Mheshimiwa Sofa akishuka, tupige saluti au tumbebe?" Wiki ile nilikuwa staa.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, sitajinyima sifa. Kiti kilikaa sawasawa. Kwenye ule mshikio tungeweza kuning'inia mimi na mke wangu pamoja na hasira zake.

Shida ilikuwa klachi.

Karatasi ilitaka kishikio kiwe kwenye gia. Nikajiambia, huyu Sofa hajui magari. Mkono wa kulia ubadilishe gia, na huo huo ubane klachi? Wa kushoto ufanye nini, upungie watu? Kushoto kubane, kulia kubadilishe, basi. Tena waya ungekuwa mfupi, na kazi ya siku mbili ingekwisha kwa nusu siku.

Nikakifunga kushoto, chini ya usukani. Nikalizungusha gari mtaani mwenyewe. Tamu kabisa.

Nikaandika kundini: "Nimemsaidia Mheshimiwa Sofa kufikiri."

Jumamosi asubuhi teksi ikasimama mlangoni. Dada wa miwani akashuka, akazunguka kufungua mlango wa upande wa pili.

Ikatoka fimbo kwanza. Ukafuata mguu mmoja. Halafu, kwa kuvutwa, mguu wa pili.

Halafu tepe ya kupimia, shingoni.

Spana ikanidondoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi." Mdomo ulikuwa umepinda kidogo, lakini macho yalikuwa yale yale. "Mimi ndiye Mheshimiwa Sofa."

Natamani kuwaambia kwamba ardhi ilipasuka ikanimeza. Haikupasuka. Niliachwa nimesimama pale pale, chini ya maandishi yangu mekundu.

"Mzee... kumbe uko kwenye kundi?"

"Mliniingiza wenyewe siku mlipolianzisha. Siandiki kwa sababu hamnyamazi. Ila nasoma. Tangu niugue sina kazi nyingine." Akavuta pumzi. "Ile ya muuguzi ilinichekesha. Muuguzi ninaye, na kengele ninayo."

Sikucheka.

Dada akanieleza yaliyobaki. Miaka thelathini, kila Jumapili, mzee alikuwa anakwenda kwa yule daktari, baba wa huyo dada, kulitunza gari lile. Daktari hakumruhusu mtu mwingine hata kulipangusa vumbi. Ndiyo maana akamwachia yeye.

Kumbe mke wa pili ndiye huyu, mwekundu, mwenye pua ndefu.

"Sasa mzee, mbona hukuniambia ni wewe?"

"Ungelia kwanza. Halafu ungenifanyia kazi ya huruma. Mimi nilitaka kazi ya fundi."

Akaliendea gari mwenyewe, hakutaka kushikwa. Akakamata mshikio, akajiinua, akaketi. Kiti kikampokea vizuri. Akatabasamu nusu uso.

Kisha mkono wake wa kulia ukaenda kwenye gia, ukapapasa, ukakosa.

Akatazama kushoto. Akaunyanyua mkono wa kushoto kwa kutumia wa kulia, akauweka juu ya kishikio changu kitamu. Vidole vikalala pale.

Akajaribu tena. Na tena. Dada akageuka akatazama ukuta.

"Huu unashika," mzee akasema taratibu, "ila haubani. Ndiyo maana niliandika."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kama ningekwenda kumwona hata mara moja, nikanywa naye chai nusu saa tu, ningeuona mkono ule. Nisingehitaji karatasi.

"Nipe siku mbili, mzee. Naomba."

Akavua tepe shingoni kwa mkono mmoja, akanirushia.

"Anza na mtu."

Nikapiga magoti sakafuni, kwenye mafuta, nikampima. Bega hadi gia. Kiganja. Vidole vinafunguka kiasi gani kabla havijachoka. Nikamuuliza panapouma, akanionyesha mahali baada ya mahali, na mimi nikaandika bila kutia neno langu. Tulichukua saa nzima. Alipoondoka nikafungua kazi yangu yote, nati kwa nati, nikaanza upya.

Jumatatu akarudi. Akabana, akaingiza gia ya kwanza, gari likaondoka bila hata kushtuka. Mimi nimekaa pembeni yake, nimefunga mkanda.

Tulipofika kona ya pili akaniuliza, "Unalia nini?"

"Vumbi, mzee."

"Kwenye gari langu hamna vumbi."

Jioni hiyo simu ikatikisika. Kundini, kwa mara ya kwanza tangu lianzishwe, Mzee Tepe alikuwa ameandika. Aliweka picha ambayo dada aliipiga bila mimi kujua: nimepiga magoti kwenye mafuta, tepe mkononi, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Chini yake: "Sofa limetembea. Fundi naye ameanza kupima. Msimcheke sana, ana mke."

Walivyonicheka, sitasimulia.

Funzo mnalitaka? Haya. Ukipewa vipimo vya mtu, kamtafute na mtu mwenyewe. Na kabla hujamfanya mtu kichekesho kundini, fungua orodha ya wanakundi uisome yote, hasa wale wasiosema kitu.

Kingine, Jumapili msinitafute, sipatikani. Nachukua sanduku langu la spana naenda kwa mzee, tunalifungua gari na kulifunga, tunakunywa chai. Pale gerejini wameshaanza kunong'ona kwamba nina mke wa pili.