Kitambaa Nilichokifungua

Nilipokuwa Goma, watu waliponiuliza nafanya kazi gani, nilijibu kwamba napima pumzi ya mashimo. Walicheka sana. "Mama, kuna mutu anakulipa kwa kupima shimo?" Cheka tu, ndugu. Magharibi ya mji, karibu na ziwa, katikati ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima zamani, kuna mabonde madogo ambamo hewa mbaya hutoka ardhini na kutulia chini kama maji ndani ya beseni. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Hayo ndiyo mazuku. Kwa miaka tisa niliyaandika, shimo kwa shimo, saa kwa saa, kwenye madaftari ya shule.

Kuhusu karatasi nina wazimu, nakubali. Nikiwa mwanafunzi mlima ulitapika, moto ukashuka mpaka mjini, ukapita juu ya nyumba yetu. Mama yangu alinivuta kwa nywele nisirudi ndani kuchukua vitabu, nami nikamng'ata mkono. Tuliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, nyumba ilikuwa jiwe linalofuka moshi. Nililia vitabu vyangu kabla sijamlilia jirani yetu kiziwi aliyeungulia ndani kwake. Mama aliniangalia, akiufunga mkono niliomng'ata.

Shimo kubwa kuliko yote lilikuwa pembeni mwa shamba la mjane mmoja kutoka Masisi, aliyenizidi miaka michache. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Yeye aliniita mama profesa kwa kunitania, maana sikuwa profesa wa kitu chochote. Ndiye aliyenifundisha kupima kwa taa ya mkebe wa nyanya: unaifunga kamba yenye mafundo, unaiteremsha polepole, inapozimika unahesabu mafundo, unajua hewa imefika wapi. Alfajiri, kabla ya upepo, shimo limejaa. Saa sita mchana, upepo wa ziwa ukivuma, limepungua, na mtu mwepesi anaweza kushuka akibana pumzi na kutoka mzima. Chombo changu cha kizungu kilisema maneno yaleyale baada ya nusu saa na betri mbili.

Juu ya mti pembeni mwa shimo yaya alifunga kitambaa chekundu, kipande cha kikwembe, kitenge chake cha zamani. Kikififia, alikata kingine. Wakimbizi kutoka Rutshuru na Kibumba walipojaa pale na mashitingi yao, yale maturubai ya hema, alizunguka hema kwa hema akiwafundisha, maana wao hawakujua mazuku. "Ukiona kitambaa nyekundu, usishuke. Usipokiona, pita." Hata watoto wa kunyonya, nadhani, waliyajua maneno hayo.

Waasi walipokaribia mji, askari waliokuwa wanawakimbia ndio walioanza na ofisi yetu ya utafiti, mtaani Himbi. Walibeba kompyuta, walibeba chombo changu, walibeba hata mapazia. Mlinzi alipowaambia kile chombo hakipigi muziki, walimvunja meno kwa kitako cha bunduki, wakacheka. Madaftari yalipona kwa sababu yalikuwa kwangu Katindo, chini ya kitanda.

Wiki ileile nikapata ujumbe. Ofisi moja ya Ulaya ilikuwa inatoa burse kwa watafiti waliofukuzwa na vita: mshahara, chumba, maabara, miaka miwili ya kufanya kazi bila kusikia bunduki. Sharti lao lilikuwa moja. Kwa vile kompyuta zimeibwa, niwaonyeshe madaftari yenyewe kwa simu ya video, Alhamisi saa nane mchana, kisha nisafiri nayo. Nikiwa na madaftari, mimi ni mtafiti. Nikiyapoteza, ni mama mwingine tu anayekimbia na godoro kichwani.

Sasa nitayaweka wapi mpaka Alhamisi? Katindo kuna kambi ya askari, na walikuwa wanapekua nyumba kwa nyumba. Mwenzangu wa kazi, aliyechora ramani zetu, walimsimamisha kwenye kizuizi akiwa na ramani moja mfukoni. Wakaona nukta nyekundu. "Hizi ni mizinga ya nani?" Akawaambia ni mashimo. "Basi utalala kwenye shimo," wakasema, wakampiga risasi ya uso mbele ya mke wake. Walimkataza mwanamke yule kumfunika mpaka jua lilipozama. Nilipita pale nikaona nzi. Sikusimama, kwa sababu madaftari yalikuwa ndani ya gunia la mkaa, juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyokuwa inasukumwa mbele yangu, na mimi nilikuwa naongea na mwenye chukudu habari za bei ya viazi.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Saa sita mchana, upepo ukivuma vizuri, nilibana pumzi, nikashuka kwenye shimo la yaya, nikasukuma mfuko chini ya jiwe, nikapanda mbio. Kichwa kiliniuma kama kuni inayopasuliwa. Nilijisifu moyoni: hakuna mwenyeji atakayeshuka humu, na Alhamisi saa sita nitayachukua. Kisha nikaenda kwenye mti nikaanza kufungua kitambaa.

"Weee! Unakifungua ya nini?" yaya akaniuliza.

"Kinaita macho. Wale askari ni wageni, hawajui mazuku. Wakiona bendera watasema kuna silaha zimefichwa hapa."

"Si washuke basi? Watalala salama." Akacheka. Alipoona sicheki, akanishika mkono. "Mama profesa, kitambaa ile si ya makaratasi yako. Ni ya batu."

Nikalipuka. Mimi nina ulimi mbaya, ninaujua. "Siku mbili, yaya! Siku mbili tu! Miaka tisa ya maisha yangu iko mule chini, wewe unanihubiria habari ya kitambaa kilichooza? Wewe una nini cha kupoteza?"

Alikuwa amezika mume na watoto wawili. Nilijua hayo wakati nasema. Aliachia mkono wangu.

"Haya," akasema. "Nitakaa hapa mimi mwenyewe."

Nikakunja kitambaa, nikakitia mfukoni mwa sketi, nikaenda kulala kwenye shule ya parokia pamoja na wengine waliokimbia Katindo. Nililala vizuri, Mungu anisamehe.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu hayakungoja mjukuu, yalikuja kesho yake alfajiri. Bomu la kwanza lilianguka katikati ya mashitingi, la pili likafuata, na kutoka shuleni tuliona moshi upande wa shamba la yaya. Barabara ilifungwa. Nilifika karibu na saa sita, nikiruka vyungu na viatu. Mwanaume mmoja alikuwa amekaa chini amepakata mguu wake, na mguu ule haukuwa umeshikana naye. Mwanamke alikuwa anaokota unga wake uliomwagika, unga wenye damu, anautia kwenye sahani, anaokota tu. Harufu ya nailoni iliyoungua na nyama iliniingia kooni, nikatapika nikitembea.

Vita inakufundisha kushuka. Ukisikia bomu, tafuta pa chini, lala. Mazuku yanakufundisha kupanda. Watu wale walikuwa wameshasoma somo la vita vizuri, na somo la pili walisomeshwa na kitambaa, na kitambaa hakikuwapo.

Shimoni walilala mama mmoja, bibi kizee, na watoto watatu, wamepangana ubavu kwa ubavu. Hawakuwa na hata mkwaruzo. Juu yao, kichwa kikiwa kimeelekea chini, alilala yaya, vidole vyake vimekaza kwenye kifundo cha mguu cha mtoto mdogo kuliko wote.

"Alikuwa anatupigia kelele tupande," akasema baba mmoja aliyekuwa amechuchumaa pale pembeni. "Tupande! Tupande! Mabomu yanalia, nani atapanda? Sisi tulisema huyu amepata wazimu. Sisi tulikimbilia kwenye mawe, wale wakashuka. Mutoto akaanguka, akaanza kurusha miguu. Yule mama akavuta pumzi, akashuka kumutoa."

Upepo ulikuwa umeanza. Tulileta kamba. Mimi ndiye niliyeshuka wa kwanza, kwa sababu najua kubana pumzi. Nitasema jambo hili mara moja tu: mkono wangu ulikwenda kwanza chini ya jiwe. Nilichukua mfuko, nikautupa juu, ndipo nikamgusa yaya. Alikuwa ameshakuwa baridi. Tulilazimika kumvunja vidole ili amwachie mtoto.

Binti yake mkubwa, anayeuza samaki sokoni, alifika tukiwa tumeshawafunika. Hakulia kwanza. Aliangalia ule mti.

"Mama profesa, kitambaa ilienda wapi? Mama yangu hawezi kusahau kitambaa."

Kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikisikia kwenye paja.

"Askari," nikasema. "Askari walikifungua."

Akaanguka chini akapiga mawe kwa viganja mpaka vikatoka damu. "Mungu akaushe mikono iliyokifungua! Ikauke! Ikauke kama kuni!" Kina mama waliomshika wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia amina.

Alhamisi saa nane niliketi mbele ya simu nikafungua madaftari, ukurasa baada ya ukurasa, na mafundo ya yaya yote yamo. Wazungu wale walikuwa watu wapole. Waliniuliza kama mashimo yana alama ya kulinda watu. Nikajibu ndiyo, yana kitambaa chekundu. Nikawaeleza pia kwamba msaidizi wangu amefariki jana. Burse nikaipata. Kwenye barua waliandika kwamba msiba ule unaonyesha umuhimu wa utafiti wangu. Niliirusha simu ukutani, kisha nikaiokota, nikajibu asante, nikasafiri.

Binti yule alikata kikwembe cha mama yake, akafunga kitambaa kipya, naye ndiye anayekibadilisha sasa. Jumapili ananipigia. "Aksanti, mama profesa, hautusahau." Kila mara akikata simu anawalaani tena wale askari, kama mtu anayefunga sala.

Mutoto wangu, si askari. Kitambaa cha mama yako kiko hapa mezani, kando ya daftari la mwisho, kina mikunjo ileile ya mfuko wa sketi yangu. Alinikataza, nikamtukana, nikakifungua. Mikono uliyoilaani ni hii inayokuandikia, na haijakauka.