Hitima ya Baba Wawili

Juzi nilirudi Bagamoyo kwenye harusi ya mjukuu wangu, na nilipofika uani tu nikapokewa na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa samli. Moyo ukanirukaruka kama wa mtoto! Binti aliyenishika mkono alidhani nimechoka. Sikuchoka, ndugu yangu. Nilikumbuka siku moja ya utoto wangu, na nataka nikusimulie kabla haijanitoka.

Nilikuwa na miaka minane hivi mizinga ya manowari za Wadachi, yaani Wajerumani, ilipoanza kuupiga mji. Tulikimbilia Mkange, bibi, mama na mimi, vyungu kichwani. Wakubwa walilia njia nzima. Sisi watoto, Mungu atusamehe, tulifurahi! Hakuna chuo cha Kurani, hakuna kufagia uwanja. Kutwa tulikuwa mashambani na watoto wa Kizigua, tukifukuza ndege kwenye mpunga kwa makelele na kula mihogo ya kuchoma mpaka midomo ikawa myeusi. Baba alikuwa na wapiganaji karibu na mji. Kila alipokuja kututazama alileta asali ya porini, na mimi ndiye wa kwanza kulamba.

Halafu siku moja akaja mtu mwingine, ameshika kilemba cha baba. Wadachi na askari wao walikuwa wamelivunja boma la wapiganaji, na baba alikufa palepale. Mama alikaa eda katika kibanda cha watu.

Alipotoka eda, vita vimeshahamia mbali, tukarudi. Nusu ya mtaa ilikuwa majivu. Nyumba yetu ilibaki na kuta na kipande cha paa, lakini niliizunguka mara tatu mbio kwa furaha. Katika nyumba ya jirani alikaa mwanamke wa Kinubi, mmoja wa wale waliokuja kutoka pande za Misri na waume zao, askari wa Wadachi. Alikuwa mrefu, ana chale tatu kila shavu, na ana binti wa rika langu. Mama alinikataza hata kuwatazama. Ningeachaje?

Kisimani yule binti alinishinda mdako kila siku, kokoto zikimrukia kiganjani kama zina akili zao. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini tulielewana. Asubuhi moja nikamwuliza, "Baba yako yuko ngomeni?"

"Amekufa. Siku ya boma."

"Wangu pia," nikasema.

Tukatazamana. Nikauacha mtungi, nikakimbia nyumbani.

Bibi, mama yake baba, alikuwa akipepeta mchele. Nilipomweleza, ungo ukasimama mikononi. "Amesomewa hitima?" akauliza. Sikujua. Akajitanda kaniki, akaenda kwa jirani mwenyewe. Aliporudi alisema Ijumaa baba atasomewa, na yule Mnubi atasomewa pamoja naye, maana mkewe hana ndugu hata mmoja nchi hii.

Mama alipiga ukelele. "Mama! Pengine ndiye aliyemwua mume wangu!"

"Pengine. Na pengine mwanangu ndiye aliyemwua wake. Wewe unajua? Mimi sijui."

Mama akaingia chumbani, akafunga mlango.

Lo, Ijumaa ile! Tangu alfajiri ua ulijaa moshi, nazi zinakunwa, vitunguu vinalia kwenye samli. Jirani wengine walikataa kukanyaga kwetu, wengine wakaleta mchele. Mjane wa Kinubi alikuja na kikapu cha mikate ya mtama, myembamba kama kitambaa, michachu kidogo. Sisi watoto tuliidokoa mpaka tukafukuzwa.

Mwalimu wa chuo, ambaye vita vilimlia ndugu yake, alisimama mlangoni bila kuingia. "Huyu wa pili alipigana upande wa Wadachi," akasema.

"Ni Mwislamu aliyefia ugenini," bibi akajibu. "Karibu, mwalimu. Utusomee."

Mwalimu akavua viatu, akaingia. Akamtazama rafiki yangu. "Baba yako anaitwa nani, mwana wa nani?"

Akajibu kwa sauti kubwa, kidevu juu. Nilimshika mkono. Mwalimu akaketi, akasoma, na majina mawili yakatajwa moja baada ya jingine, la baba yangu na la baba yake. Nusura niruke kwa furaha, wakati huohuo machozi yananichuruzika!

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama akatoka, akaenda kukaa kwenye sinia la yule mjane. Hawakukumbatiana. Mama alisukuma kipande cha nyama upande wa mwenzake. "Kula, dada. Hujala kitu." Wakala, wote wawili wakilia.

Mama hakusema kamwe kwamba amesamehe. Ila sikukatazwa tena mdako.

Sasa bibi hayupo, mama hayupo, na mtaani hakuna anayekumbuka kuwa pale waliishi Wanubi. Hawakukaa sana. Askari walihamishwa, na wake zao na wajane wakawafuata. Nilikimbia pembeni ya msafara mpaka mwisho wa mji, nikimwita rafiki yangu. Akageuka akicheka, mzigo kichwani, akanipigia kelele neno moja la lugha yao. Mpaka leo sijui alisema nini.