Mtu wa Betri

Nina shahada ya hisabati, nayo imetundikwa sebuleni kwetu Kaloleni, mahali pale pale ambapo ukuta huvuja mvua zikianza. Mke wangu ndiye aliyepachagua. Anasema kuficha ukungu ndiyo kazi ya kwanza ya maana ambayo karatasi ile imewahi kupata, na sijapata hoja ya kumjibu. Naanza na hili ili ieleweke kwamba siku niliyoitwa Mtu wa Betri mbele ya watu, sikuwa na heshima nyingi ya kupoteza. Nilikuwa na kidogo tu. Ilikuwa ya Jumamosi asubuhi, saa za masomo ya ziada katika ukumbi wa mtaa, ambapo watoto wa majirani waliniita Mwalimu. Sikuwa naitwa hivyo popote pengine.

Vikokotoo vilitufikia ndani ya katoni. Mwenzangu niliyesoma naye chuo kikuu, ambaye siku hizi anafundisha ng'ambo, aliniandikia kwamba shule yake inatupa vikokotoo vya grafu vya zamani, akauliza kama ninavitaka. Nikamwambia atume. Hivi si vile vidogo vya dukani vya kujumlisha bei ya sukari. Ni vizito, vina kioo kipana, na ukivipa mlinganyo vinakuchorea mstari wake hapo hapo. Kwenye mtihani wa taifa haviruhusiwi, na niliwaambia watoto hivyo tangu mwanzo. Lakini mtoto aliyekariri mwaka mzima kwamba mchoro fulani hupinda, akiuona unapinda mbele ya macho yake, huacha kukariri.

Shida ilikuwa lugha na menyu. Kila kitu kilikuwa Kiingereza cha mafundi, kilichofupishwa hadi kikakosa vokali. Kwa hiyo nikaamua kuubadilisha mfumo endeshi wenyewe, yaani ile programu ya chini kabisa inayokifanya kikokotoo kijue kuwa ni kikokotoo. Watengenezaji hawapendi jambo hilo. Huweka kufuli ili mashine ikubali kazi yao peke yao. Lakini matoleo ya zamani yalikuwa na ufa, na kuna watu duniani, wengi wao wakiwa hawana mambo mengi ya kufanya kama mimi, waliougundua na kuandika jinsi ya kuupenya.

Nikapenya. Nilikuwa nikiketi Jumapili mchana baada ya kanisa, laptopu mezani, waya umeunganishwa, mke wangu akipita na kuuliza kama huyo mgonjwa amepata nafuu. Kimoja nilikiua kabisa kwa siku kadhaa, kikawa jiwe, kisha kikafufuka kwa sababu ambazo mpaka leo sizielewi, ingawa kwa watoto nilijifanya naelewa. Mwishowe menyu zikawa zinasema Chora, Tatua, Rudi Nyuma. Niliongeza programu ya kuonyesha hatua za kazi, mstari kwa mstari. Mtoto akigawanya kwa sifuri, kioo kilimwambia: Hapana, angalia tena pole pole. Niliyachagua maneno hayo kwa uangalifu kuliko nilivyochagua maneno ya kumposa mke wangu, naye anajua.

Sasa mwenyekiti. Ana duka la masufuria na ndoo za plastiki soko la Muthurwa, na sauti iliyokuzwa na kelele za huko. Ni mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, na ya maji, na ya mazishi, na kama mbu wa mtaa wetu wangeunda kamati wangempigia kura. Siku ya kuvizindua vikokotoo aliwaalika wazee, kina mama wa kanisa na mwakilishi wa mtu fulani mkubwa. Akasimulia jinsi alivyohangaika kuvitafuta. Akaeleza jinsi vilivyofundishwa Kiswahili chini ya uongozi wake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na katoni nikiwa na shati nililopigiwa pasi, nikingoja nitajwe.

Nikatajwa. "Na huyu kijana wetu," akasema, akinionyesha kwa kidole, mimi mwenye mvi kidevuni, "huyu ndiye mtu wa betri. Zikiisha, muoneni."

Watu wakapiga makofi. Nikainama kidogo, kama mpumbavu, kwa sababu mtu akipigiwa makofi mwili huinama wenyewe.

Kaloleni jina likishika halibanduki. Kufikia Jumatatu vijana wa kona walinisalimia, "Niaje, Wa Betri." Jirani akaniletea tochi. Mama wa kanisa akaniletea rimoti ya televisheni ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaniombea baraka. Mwenyekiti mwenyewe alisimama mlangoni kwangu na ufunguo wa gari lake, ule wa kubonyeza. "Wa betri, hebu cheki hii, inasumbua." Mke wangu, ambaye huwa hanionei huruma ila pale panapostahili, alishusha saa ya ukutani iliyokuwa imesimama, akaiweka mbele ya chakula changu. Niliiacha hapo. Ilikaa imesimama miezi, kwa kiburi.

Jumamosi nayo ikaharibika. Watoto hawakukusudia ubaya, lakini jina likiwa kila mahali huingia hata darasani. "Wa betri, hii swali ya tatu inaendaje?" Hapo ndipo nilipoamua. Sikutaka pesa za mwenyekiti wala kiti chake. Nilitaka neno moja, Mwalimu, litoke kinywani mwake, na watu wakiwa wanasikia. Hasira yangu si ya kufoka. Nimesomeshwa hisabati, naweza kukaa na tatizo muda mrefu bila kulitatua, mradi najua lina jibu.

Jibu lilikuja na mgeni. Mama mmoja kutoka shirika linalosaidia masomo alisikia habari za vikokotoo vinavyosema Kiswahili, akapiga simu kwamba angependa kuja kuviona. Katika mazungumzo akauliza, kwa adabu tu, kama vina toleo jipya la mfumo. Mwenyekiti akaitisha mkutano.

"Tumeulizwa kama tuko na ile mpya," akasema. "Tuko nayo?"

"Hatuna," nikasema. "Na tusiiweke. Mwenyekiti, ile mpya imeziba—"

"Sijakuuliza maoni. Nimeuliza tuko nayo."

"Hatuna, lakini ukiiweka, vitu vyote—"

"Wa betri," akasema, na wanakamati wakaanza kucheka kabla hajamaliza, "wewe weka. Mambo ya uongozi tuachie sisi."

Nilitaka kueleza kwamba toleo jipya limeziba ule ufa, kwamba likiingia halikubali kuondolewa, na kwamba Kiswahili chote kingefutika. Nilikuwa na sentensi nzuri kabisa tayari. Nikaimeza. Nakiri ilikuwa tamu.

"Sawa, mwenyekiti," nikasema. "Lakini jambo kubwa hivi haliwezi kufanywa na mtu wa betri. Lizinduliwe. Wewe mwenyewe ubonyeze."

Niliijua kamati yangu. Kwetu hapa hata bomba la maji likibadilishwa mpira wa ndani lazima utepe ukatwe. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anangoja mwenzake afikie wazo lake. Akaagiza soda.

Akaagiza pia kwamba vikokotoo vilivyochubuka visionekane. Nusu yavyo vilikuwa na nyufa, vingine vimefutika herufi, kimoja kimefungwa kwa mpira. "Hizi takataka peleka kwako," akaniambia mbele ya wote. "Mgeni asione aibu." Nikazipanga ndani ya katoni moja baada ya nyingine, bila haraka, nikamwomba arudie ili wanakamati wote wasikie. Akarudia kwa sauti ya Muthurwa. Nikazibeba hadi nyumbani kwa furaha ambayo sijaisikia tangu nihitimu.

Siku ya uzinduzi niliunganisha waya, nikamsogezea kikokotoo cha kwanza. Kioo kikatoa onyo. Lilikuwa kwa Kiswahili kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimelitafsiri, na naweza kusema bila kujisifu sana kwamba ni Kiswahili safi: Ukiendelea, vyote vilivyomo vitafutika na hutaweza kurudi kwenye toleo la zamani. Unataka kuendelea?

"Soma kwanza, mwenyekiti," nikamwambia.

Alikuwa anaitazama simu ya mpiga picha. "Ndiyo ni gani?"

"Hiyo ya kulia."

Akabonyeza, akatabasamu, picha ikapigwa. Nikaleta cha pili. Nikasema tena, "Soma kwanza." Hakusoma. Akavibonyeza vyote kimoja kimoja, na kila mara nikamwambia asome, na kila mara sauti yangu ikawa ya heshima zaidi. Mama mmoja wa kanisa alininong'oneza kwamba nimebadilika, nimekuwa mnyenyekevu.

Mgeni alikuja Jumamosi iliyofuata. Mwenyekiti alihutubia kuhusu Kiswahili, uzalendo na uongozi, kisha akamwita binti yake mwenyewe, aliye kidato cha nne, aje aonyeshe. Huyu binti ni mwerevu na hana subira na watu wazima. Akawasha. Akabonyeza huku na huku. Akaweka chini, akachukua kingine.

"Daddy, ile ya Kiswahili imeenda," akasema.

"Imeenda wapi?"

"Imeenda. Hata ile ya kuonyesha hatua. Hii ni mpya kabisa, haina kitu."

Mgeni akanyoosha shingo. Mwenyekiti akanitafuta kwa macho na kunipata nimeketi nyuma, karibu na mlango, mahali pa watu wa betri.

"Wewe. Kuja uweke sawa."

Nilitembea hadi mbele. Nikachukua kikokotoo, nikakigeuza, nikafungua kifuniko cha nyuma. Nikazitoa betri, nikazipangusa kwa ncha ya shati, nikazitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikazirudisha.

"Betri ziko sawa, mwenyekiti," nikasema, nikarudi kukaa.

Sijawahi kuandika sentensi bora, na nimejitahidi kwa miaka mingi.

Mgeni akauliza nani hasa aliyekuwa ameandika ile kazi ya Kiswahili, ili azungumze naye. Mwenyekiti akajipapasa mifuko kama anayetafuta kitu. Alikuwa na jibu moja tu la kweli. Binti yake ndiye aliyesema, "Ni Mwalimu, yule pale." Nikazungumza na mgeni vizuri, nikamweleza kuhusu ufa na kufuli, naye akaandika. Lakini sikuwa nimeshiba. Neno lilikuwa limetoka kwa binti. Mimi nilitaka la baba.

Jumamosi iliyofuata darasa halikufanyika ukumbini. Watoto walikuja wenyewe barazani kwangu, maana habari zilikuwa zimewafikia kwamba zile takataka bado zinasema Kiswahili. Wakakaa kwenye ngazi, kwenye ndoo zilizopinduliwa, ndoo zilizonunuliwa kwa mwenyekiti, kama ilivyo kwa ndoo zote za mtaa huu. Kile kilichofungwa kwa mpira kikawa kinagombaniwa. Binti yake akaja pia, akachukua kona yake.

Naye baba yake akaja kabla ya chakula cha mchana. Alisimama langoni akiwa amevaa koti.

"Hivyo ni vya ukumbi," akasema.

"Ni takataka," mtoto mmoja akamjibu bila kuinua kichwa. "Ulisema azipeleke kwake."

"Twende nyumbani," akamwambia binti yake.

"Ngoja nimalize hii, Daddy. Bado hatua mbili."

Kwa hiyo mwenyekiti akangoja. Nilimwacha asimame. Nilikagua daftari moja, nikasahihisha alama ya kutoa, nikakohoa. Ninapaswa kusema kwamba nilimwonea huruma, lakini ingekuwa uongo. Nilikuwa ninahesabu ndoo zilizo wazi na kuhakikisha simpi yoyote.

"Nataka tuongee ile maneno ya kurudisha darasa ukumbini," akasema mwishowe. Halafu, chini chini, akitazama lango: "Mwalimu."

"Samahani, mwenyekiti. Masikio yangu siku hizi. Umesema?"

Watoto wakaacha kuandika. Hata wale wa mwisho kwenye ngazi wakageuka.

"Mwalimu," akasema, kwa sauti ya Muthurwa.

Lilinishuka vizuri. Ningeweza kuishia hapo, na mtu mwema angeishia hapo. Lakini wakati huo huo kioo cha kikokotoo cha binti yake kilianza kufifia, herufi zikapauka, naye akanyanyua mkono. Nikatia mkono mfukoni. Nikatoa betri mpya. Sikumpa binti.

"Mwenyekiti," nikasema, "hebu nisaidie na hicho."

Alizitazama betri, akanitazama mimi, akawatazama watoto wote wakimngoja. Akavua koti. Akachuchumaa kwenye ngazi, akafungua kifuniko kwa kucha, akaanza kuzipachika. Moja aliiweka kinyume.

"Geuza hiyo ya pili," nikamwambia kwa upole.

Akaigeuza. Kioo kikawaka. Kutoka ndani, mke wangu, ambaye alikuwa amesikia yote, akatokea mlangoni ameshika ile saa ya ukutani.

"Mwenyekiti, habari ya asubuhi," akasema. "Ukimaliza hapo, kuna na hii."